Msamaha wa kodi kwa taasisi za dini: sadaka iachwe, fremu zilipe

Mtunza Vitabu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mjadala huu kila ukiibuka unaishia palepale. Huyu anasema viongozi wa dini wanatembelea magari ya kifahari, watozwe. Yule anajibu kwamba Mungu hatozwi kodi. Kurasa kumi baadaye watu wanatukaniana imani na uzi unafungwa. Leo naomba tuuangalie kwa macho ya mtu anayefunga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na vitabu vya nyumba za ibada vimepita mezani kwangu vingi tu, vya madhehebu tofauti.

Msimamo wangu nautanguliza ili mtu asije kusema nimemzunguka. Sadaka isitozwe. Biashara itozwe kama ya mtu mwingine yeyote. Malipo ya kiongozi yatozwe kama mshahara wa mtu mwingine yeyote. Na anayetaka msamaha, afungue vitabu.

Ugomvi wetu unatokana na kuita vitu vingi kwa jina moja. Chukua daftari la mapato la nyumba ya ibada ya ukubwa wa kati. Safu ya kwanza ni sadaka ya ibada, noti zilizokunjwakunjwa na sarafu, zimehesabiwa na watu wawili na wote wametia sahihi pembeni. Safu ya pili ni mchango wa ujenzi. Hapo hakuna neno. Safu ya tatu imeandikwa "pango": fremu zinazotazama barabarani, wapangaji wanalipa miezi sita sita, mmoja anauza simu, mwingine ana saluni. Ya nne ni ukumbi: harusi, semina, hata sherehe za watu wasio waumini. Ya tano ni ada za shule. Sasa geuza upande wa matumizi. Unakuta "huduma kwa mtumishi", kiasi kilekile, tarehe ileile kila mwezi, ila hakuna aliyethubutu kuandika mshahara. Chini kidogo kuna mafuta na matengenezo ya "gari la huduma", na kadi ya gari ukiiomba ina jina la mtu binafsi.

Ukiuliza "wasamehewe au wasisamehewe" unataka jibu moja kwa safu zote hizo. Halipo.

Kwa nini niache sadaka? Kwa sababu kodi ya mapato ya taasisi inalenga faida, na kwenye sadaka hakuna mwenye hisa anayegawiwa kitu mwisho wa mwaka. Watu wamechanga fedha zao kwa shughuli yao wenyewe, sawa na chama cha kuzikana. Hili hata asiyeamini chochote anaweza kulikubali bila kumtaja Mungu.

Ila mwenye saluni haabudu pale, amepanga chumba. Jirani mwenye fremu kama zile analipa kodi ya pango. Asiyelipa ana nafasi ya kushusha bei akamnyang'anya jirani wapangaji. Hilo silioni kama suala la imani kabisa.

Karibuni. Matusi kando.

Kibatari

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

Bila Dhehebu

Mleta mada umeanza vizuri, ila umeruka kitu kikubwa kuliko fremu zote: kiwanja.

Nyumba za ibada mara nyingi zimekaa maeneo ya thamani kuliko yote mjini. Zimamoto ikihitajika inakwenda. Barabara na mtaro vimefika mlangoni. Kodi ya majengo, nchi nyingi hawalipi. Bajeti ya mji haipungui kwa sababu fulani kasamehewa, pengo linajazwa na sisi tuliobaki. Mimi siabudu popote. Kwa nini nichangie paa la mtu?

Hoja hii si yangu peke yangu. Marekani kuna bwana mmoja, Frederick Walz, alikuwa na kipande cha ardhi New York, akaenda mahakamani akisema hivyohivyo: mkiwasamehe wao, mnanilazimisha mimi kuwachangia. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1970.

Ustadhi wa Jioni

@Bila Dhehebu, malizia hadithi mkuu. Walz alishindwa. Majaji saba kwa mmoja, jaji Douglas ndiye pekee aliyekuwa upande wake.

Na sababu waliyotoa inafaa tuitafakari hata sisi tusio Wamarekani. Walisema kuwatoza ndiko kungeiingiza serikali ndani ya dini zaidi kuliko kuwaacha. Ukitoza kodi ya jengo, lazima utume mtu athamini jengo. Wasipolipa unaweka zuio. Wakiendelea kutolipa unapiga mnada. Sasa nichoree hiyo picha: dalali wa serikali kasimama mlangoni mwa nyumba ya ibada ananadi mimbari. Huyo dalali anatumwa na serikali ipi? Leo inawapenda ninyi, kesho inakuja isiyowapenda. Mwaka 1819 Jaji Mkuu Marshall aliandika kwamba uwezo wa kutoza kodi ndani yake una uwezo wa kuangamiza. Kesi ilihusu benki, si dini, lakini yeyote ambaye watu wa imani yake ni wachache nchini anaelewa alichokuwa anasema.

Halafu kwa upande wetu kuna wakfu. Mtu kaitoa mali yake, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mamlaka ya mapato itaipiga mnada kwa sheria gani?

Bila Dhehebu

@Ustadhi wa Jioni, majaji wale walikubali msamaha kwa sababu nyumba za ibada zilikuwa ndani ya kundi pana: hospitali, maktaba, vyama vya hisani. Haikuwa zawadi ya dini peke yake. Mwaka 1989 mahakama hiyohiyo iliifuta sheria ya Texas iliyosamehe kodi ya mauzo kwa majarida ya dini tu na kuwaacha wengine walipe. Kwa hiyo mkitaka kujificha nyuma ya Walz, jificheni pamoja na sisi wengine wote tunaofanya mema bila mimbari.

Ustadhi wa Jioni

Hilo sina shida nalo. Mema ni mema.

Mama Hazina

Mimi ni mweka hazina wa usharika, naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Nani kawaambia hatulipi kodi? Tukinunua saruji, kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei. Mabati imo. Spika imo. Mfanyabiashara aliyesajiliwa akinunua, anairudisha kwa kuikata kwenye kodi aliyokusanya kwa wateja wake. Sisi tunakata wapi? Hatuuzi kitu. Ikishaingia kwenye risiti yetu imekwisha, ni yetu kuibeba. Kwenye kodi hiyo, taasisi isiyouza kitu inabanwa kama mlaji wa mwisho, hakuna cha msamaha.

Na fedha za kwenye kapu zilishakatwa kodi kwenye mshahara wa muumini kabla hajazileta. Mnataka kumkata mara ya pili kwa kosa la kutoa?

Jicho la Tatu

Mama Hazina, kwenye ongezeko la thamani uko sahihi kabisa na watu wengi hawalijui.

Kwenye hili la "zilishakatwa" hapana. Hela ninayomlipa kinyozi nayo ilishakatwa kwenye mshahara wangu, na yeye akipata faida anakatwa. Kodi inafuata fedha kila inapokuwa pato la mtu mwingine. Halafu ziko nchi, Marekani ikiwemo, ambako mtoaji anaruhusiwa kupunguza sadaka kwenye pato lake linalotozwa. Huko haijakatwa kokote: mtoaji kasamehewa, mpokeaji kasamehewa. Hoja nzuri ya kuacha sadaka ni ile ya mleta mada, kwamba hakuna faida inayogawanywa.

Tatizo langu ni kwamba hiyo hoja inasimama pale tu ambapo kweli haigawanywi. Kama kiongozi ndiye mwanzilishi, ndiye mtia sahihi wa akaunti, mkewe ndiye mhasibu na kiwanja kina jina lake, basi mwenye hisa yupo. Tofauti ni kwamba hajasajiliwa.

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana, jambo hili lina mvi.

Kwenye kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, Yusufu anainunua ardhi yote ya Misri iwe ya Farao, isipokuwa ya makuhani. Ezra 7:24, mfalme Artashasta anakataza kuwatoza makuhani na Walawi kodi, ushuru au ada. Angalieni nani anasamehe pale: ni mfalme, kwa hiari yake, kwa masilahi yake. Msamaha tangu zamani ni makubaliano kati ya mwenye upanga na mwenye madhabahu.

Na makubaliano huvunjika. Mwaka 1296 Papa Bonifasi wa Nane alikataza wafalme kuwatoza makasisi bila ruhusa yake, Filipo wa Nne wa Ufaransa akajibu kwa kuzuia dhahabu na fedha zisitoke nchini mwake. Roma ikalegeza. Ufaransa hiyohiyo, karne nyingi baadaye, makasisi walikuwa na ardhi kubwa mno na badala ya kodi walitoa kile walichokiita zawadi ya hiari, kiasi wakikipanga wao wenyewe kwenye mkutano wao. Mkulima alikuwa hajipangii chake. Tarehe 2 Novemba 1789 mali zote za kanisa zikatangazwa kuwa za taifa. Sisemi msamaha ndio ulioleta mapinduzi. Nasema aliyekataa kubeba kidogo alikuja kupoteza kingi.

Kibatari

Mzee hapo kwenye "zawadi ya hiari" nimecheka peke yangu.

Mtunza Vitabu (mleta mada)

Nimesoma wote. Nijibu kwa mafungu.

@Bila Dhehebu, kuhusu kiwanja: sehemu ya kuabudia yenyewe ningeiacha, kwa sababu aliyoitoa Ustadhi, siutaki ule mnada. Lakini mpaka uchorwe kwa matumizi, usichorwe kwa mwenye hati. Ukumbi wa ibada umesamehewa, maegesho yanayokodishwa siku za kazi hayajasamehewa.

Mtu akisema kuchora mpaka huo haiwezekani, mwambie atazame Japani. Pale shirika la dini halitozwi kwenye shughuli za dini, ila sheria inaorodhesha aina 34 za biashara, na likifanya mojawapo linatozwa. Wameingia mpaka kwenye meza ya vitu vidogo mlangoni mwa hekalu. Hirizi inayotolewa kwa kiasi ambacho kwa kweli ni sadaka, haihesabiwi biashara. Kadi ya posta au kalenda inayouzwa kama inavyouzwa dukani, biashara. Meza moja, mhudumu mmoja, hesabu mbili.

Italia ndiyo mfano wa kuchora vibaya. Kodi yao ya majengo ilisamehe mali za taasisi zisizo za faida, kanisa likiwa mnufaika mkubwa, na kuanzia 2005 tafsiri ikapanuliwa hata nyumba za wageni zikapata upenyo ilimradi shughuli isiwe "ya kibiashara tu". Weka kanisa dogo ndani, mengine yanajipanga. Waliolalamika walikuwa wenye shule binafsi na mwenye nyumba ndogo ya wageni, watu waliokuwa wanashindana na asiyelipa. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya ikasema msamaha ule ni ruzuku haramu, ila ikakubali kwamba kudai ya nyuma haiwezekani kwa sababu kumbukumbu za majengo hazikuonyesha kipi kilitumika kwa nini. Mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya ikaikatalia: serikali haiwezi kutumia ubovu wa kumbukumbu zake yenyewe kama kinga.

Hapo ndipo ninapolala na kuamkia kila siku, wakuu. Kesi nyingi za "haiwezekani kutenganisha" ni kesi za daftari moja ambalo mtu hakutaka liwe mawili.

@Jicho la Tatu, yule mwenye hisa asiyesajiliwa ndiye hasa shabaha yangu. Ukimtoza kodi ya mshahara unampata bila kugusa kapu la sadaka. Korea Kusini viongozi wa dini walikaa miongo bila kutozwa kodi ya mapato. Sheria ikapitishwa 2015, ikaanza kutumika Januari 2018. Ibada hazikusimama. Marekani wanatozwa siku nyingi, ingawa nyumba anayopewa mchungaji imesamehewa tangu 1921, posho ya nyumba ikafuata 1954, na imekuwa uchochoro mpana.

Mama Hazina

Sasa na yale mahospitali na shule? Mnazihesabu biashara na ndizo zinazobeba watu ambao serikali haikuwafikia?

Mtunza Vitabu (mleta mada)

Zipimwe kwa wanachofanya, dada yangu. Hospitali inayotibu asiye na uwezo na faida yote inarudi kwenye dawa, samehe, iwe ya dini au ya wasio na dini. Shule ya ada kubwa inayochuja watoto mlangoni na faida yake inahamia kwingine, ni shule binafsi yenye jina la mtakatifu.

Uingereza wana historia nzuri hapa. Kesi ya Pemsel ya mwaka 1891 ilihusu fedha za umisionari za Wamoravian, na ndiyo iliyoweka mafungu manne ya hisani kisheria: kupunguza umaskini, elimu, kueneza dini, na mengine yenye manufaa kwa jamii. Kwa zaidi ya karne dini ilichukuliwa kuwa na manufaa kwa umma bila kuulizwa. Sheria ya mwaka 2006 ikaondoa dhana hiyo. Sasa dini nayo inaonyesha manufaa yake kama wengine.

Ustadhi wa Jioni

Hapo ndipo ninapoogopa. Atakayepima manufaa ni nani? Ofisa wa kodi atakuja kuniuliza dua inamsaidia nani?

Jicho la Tatu

Hofu yako ina msingi. Scientology huko Marekani, dini iliyoanzishwa na mwandishi wa vitabu, ilinyang'anywa msamaha 1967, ikapambana na mamlaka ya kodi miaka mingi, 1993 ikarudishiwa. Imani ni zilezile, mwandishi ni yuleyule, kilichobadilika ni uamuzi wa ofisi. Ujerumani hawajawahi kuikubali hivyo. Ukimwachia ofisa aamue dini ni nini, utapata majibu kwa idadi ya maofisa.

Ila kuna upande wa pili. Chuo cha Bob Jones, cha Kikristo, kilikataza wanafunzi wake kuchumbiana na watu wa rangi nyingine, wakidai ni imani. Mamlaka ikaondoa msamaha, na mwaka 1983 mahakama ikaunga mkono, majaji wanane kwa mmoja. Hakuna aliyewafungia chuo. Waliambiwa tu kwamba umma haulazimiki kuchangia. Kwangu hiyo ni sawa.

Mtunza Vitabu (mleta mada)

@Ustadhi wa Jioni, ndiyo maana sitaki ofisa apime dua. Apime miamala. Fedha zimeingia wapi, zimetoka kwenda wapi, nani ameidhinisha, nani amenufaika. Mkaguzi mzuri anaweza kufanya kazi hiyo bila kujua mnasali kuelekea upande gani.

Na hapa niseme wazi sikubaliani na Marekani. Vyama vya hisani huko vinajaza taarifa ya mwaka inayoonekana na umma, hadi malipo ya wakubwa wao. Makanisa hayalazimiki. Wamesamehewa kodi na wamesamehewa maelezo pia. Msamaha wa kwanza nautetea. Wa pili ndio unaozaa ndege binafsi.

Bila Dhehebu

Na siasa? Msamaha wa kodi huku mimbarini anatajwa mgombea.

Jicho la Tatu

Marekani kuna kifungu cha 1954 kilicholetwa na Lyndon Johnson akiwa seneta, kinazikataza taasisi zenye msamaha kumpigia debe au kumpinga mgombea. Kwenye karatasi ni kikali. Kwa vitendo makanisa yaliyoadhibiwa ni ya kutafuta kwa tochi.

Mzee wa Kumbukumbu

Kabla hamjafunga, mtazame Ujerumani maana pale mambo yamegeuzwa juu chini. Serikali ndiyo inayolikusanyia kanisa. Muumini aliyeandikishwa anakatwa asilimia 8 au 9, kutegemea jimbo, lakini si ya mshahara, ni ya ile kodi yake ya mapato. Msingi wake uko kwenye katiba ya 1919, wakauhamishia kwenye ya 1949. Asiyetaka anakwenda ofisini kutangaza rasmi kwamba amejitoa. Makanisa yana fedha za uhakika na hesabu safi. Na kila mwaka watu kwa malaki wanakwenda kujitoa.

Kibatari

Kwa hiyo kumbe kuna watu wanajitoa kwenye dini kwa sababu ya payslip?

Mzee wa Kumbukumbu

Wengine kwa hasira na kashfa, wengine kwa imani iliyokwisha. Karatasi ya mshahara inawakumbusha tu kila mwezi.

Mama Hazina

@Mtunza Vitabu, tuache za Ulaya. Nina swali la kazi. Sisi tuna fremu, na tuna ukumbi. Mzee mmoja kwenye kamati anasema pango likiandikwa "sadaka ya wapangaji" hakuna atakayeuliza. Mimi ndiye ninayetia sahihi. Unanishauri nini?

Mtunza Vitabu (mleta mada)

Usitie sahihi hapo.

Fungua akaunti ya benki ya pili, ya miradi. Pango na ukumbi viingie huko tu, na mikataba ya wapangaji itaje kiasi na akaunti hiyo. Matengenezo ya fremu, mlinzi na umeme wake vitoke hukohuko, maana kodi mara nyingi inahesabiwa baada ya gharama na gharama zako halali zinakusaidia. Ukishalipa kodi, kinachobaki kihamishiwe akaunti ya usharika kwa hundi moja yenye muhtasari wa kikao. Kwenye kitabu cha usharika kiandikwe "kutoka miradi", kisichanganywe na kapu.

Na ile "huduma kwa mtumishi" ipeleke kwenye kikao iitwe mshahara. Mtapigiwa kelele.

Mama Hazina

Kelele nimeshazizoea. Yule mzee wa kamati ndiye mpangaji wa fremu ya kona.

Mtunza Vitabu (mleta mada)

Basi anza na mkataba wake.